Karata Nilizocheza Jikoni Kinindo

Arnaud, mwanangu,

Umetoka saa hii kwenda Kibenga kumuaga Baba Mukubwa, na ninavyomjua, hatakuachia kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Nimefuta meza, nimetafuta kalamu yenye wino, nimekaa. Sufuria la wali liko motoni na nikisikia harufu ya kuungua nitaamka, basi ukiona sentensi imekatika, ujue nilikuwa jikoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile nilichokulia Buyenzi. Kifaransa changu ni cha kumuitikia patron wa kazini tu, na nikiandika barua kwa Kirundi naanza kuhutubia kama niko kwenye kikao cha kata. Haya ya leo nataka kuyasema kama ninavyosema nikiwa kwenye kigoda changu, nachambua mchele, we umekaa mlangoni unanichokoza.

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia uiweke paspoti mahali gani. Hayo nimekuimbia wiki nzima, hadi umeanza kuyamalizia mwenyewe kwa sauti yangu, na mikono kiunoni, mjinga we. Nilicheka lakini roho iliniuma, maana nilikuwa nazungumzia maji ili nisizungumzie jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni kitu nilichofanya. Ni kibaya, na kinakuhusu we kuliko mtu yeyote aliye hai. Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta naandika jinsi ulivyokuwa mtoto mzuri. Nimezichana. Ulikuwa mtoto mzuri, tumemaliza hapo. Sasa univumilie, maana nitaanzia mbali kidogo.

Unamkumbuka patron wangu wa kwanza kule Kinindo, yule Mzungu mrefu aliyekuwa ananipa mikate ya jana nikuletee. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, rafiki zake watatu walikuja, wanakaa kwenye baraza la upande wa ziwa, wanacheza karata za poka hadi jua linalegea. Mi nilikuwa naleta brosheti za nyama kwenye vijiti, naleta bia, naondoa chupa. Nilifanya hivyo miaka sita, na mtu anayeleta bia miaka sita anaona mengi, kwa sababu hakuna anayemtazama.

Katika mchezo ule, karata nzuri si lazima. Lazima ni kujua mwenzako anazo au anakutisha tu. Mi nilijua. Mmoja wao alikuwa daktari. Akiwa na karata mbovu anakuwa mpole ghafla, "Merci, Consolata, pole na kazi, Consolata." Akiwa na nzuri, anakunyooshea glasi bila hata kukutazama. Patron mwenyewe akidanganya alikuwa anapumua kwa mdomo. Nilikuwa nasimama nyuma na trei yangu najisemea moyoni: huyu anaongopa, huyu hana kitu, huyu leo atawamaliza wote. Na inakuwa hivyo.

Siku moja mwenzao mmoja hakuja. Patron akaniita.

"Consolata, keti hapa, ujaze nafasi."

"Apana, patron. Maharage iko kwa moto."

"Maharage itajipika yenyewe. Keti."

Nikaketi na aproni yangu. Walicheza na vile visahani vya plastiki wanaviita jetoni, wakanigawia vyangu, wakanieleza kama wanavyomweleza mtoto. Mwanangu, sikuwaacha na kitu. Daktari alinishukuru kwa brosheti, nikajua hana karata, nikamsukumia rundo langu lote. Wakapiga makofi, wakasema weeh, huyu mama ni hatari. Nilirudi nyumbani Kanyosha natembea kama waziri. Nilipomsimulia baba yako alicheka hadi akalia machozi, akasema, "Kumbe mi nilioa mwizi na sikujua!"

Nakusimulia hili kwa sababu kila kilichofuata kilitoka hapo. Nilifahamu kuwa nina kipaji. Na ni kweli nilikuwa nacho, sikujidanganya, ila kipaji chenyewe kilikuwa cha kusoma watu waliokaa mbele yangu.

Patron alipomaliza mkataba wake akaniachia tableti yake ya zamani. Ndani yake kulikuwa na mchezo uleule, unacheza na watu wa mbali usiowajua, kwa jetoni za bure. Niliiweka kabatini. Mwaka huohuo baba yako akafa. Sitaandika juu ya kifo chake, we ulikuwepo, uliniosha miguu siku ile niliposhindwa kusimama, na sijawahi kukushukuru kwa hilo. Asante.

Wapangaji wapya wa ile nyumba, Madame na mume wake, walikuwa wanalala baada ya kula. Kuanzia saa nane hadi saa kumi nyumba yote kimya, vyombo vimeoshwa, hakuna wa kuniita. Saa hizo mbili zilikuwa zinaniua. Kutwa nzima nilikuwa naweza kuwa Consolata wa kazini, lakini saa nane ikifika namwona baba yako, Melchior wangu, amekaa pale kwenye ngazi ya jikoni, anangoja nivue aproni twende. Siku moja nikaitoa ile tableti. Mtu akiwa anacheza hawazi. Hilo ndilo lililonishika kwanza, Arnaud, kabla pesa haijaingia. Kwa saa mbili sikuwa mjane.

Halafu Mama Diella, yule mwenye kioski cha vocha pale njiani, akaniona nacheza. Akaniambia, dada, unapoteza ufundi wako, watu wanacheza hii kwa pesa za kweli. Shemeji yake anaishi Ulaya, ana kadi ya dola. Unampa Mama Diella faranga zako, kesho yake unakuta dola kwenye tableti. Ukishinda, zinarudi kwa njia ileile, naye anakata kidogo chake. Si mtu mbaya. Alikuwa anauza alichokuwa nacho, mi ndiye niliyenunua.

Wiki ya tatu nikashinda. Nilishinda hasa, si mchezo. Nikanunua ile friji ya mkono wa pili, nikakuambia ni zawadi ya Madame. Ilikuwa inanguruma kama mgonjwa. We ulikuwa na miaka kumi na saba, ukaisogeza kutoka ukutani, ukafungua mgongo wake, ukakaa nayo sakafuni siku mbili, ukaniletea skrubu tatu mkononi ukasema, "Mama, hizi zilikuwa za bure tu." Ikanyamaza. Jirani wote wakaanza kukuletea friji zao.

Ndiyo. Ufundi unaoufuata Mwanza kesho ulianzia kwenye friji ya karata. Nilitaka kukuficha hilo, lakini nikiacha kitu kimoja nje ya barua hii nitaacha na cha pili. Tena friji ile ndiyo iliyoniharibu. Kama ningepoteza wiki ile, ningelia, ningemtukana Mama Diella, ningerudi kwenye sahani zangu. Lakini nilishinda, nikaona uso wako ukifungua mlango wa friji, na kuanzia siku ile kila nilipopoteza nilijiambia kuwa ushindi mwingine uko njiani, tena mkubwa, wa kununua hadi kiwanja.

Nikaanza kupoteza. Kwanza ya mboga. Unakumbuka mwezi ule wa lengalenga na ugali, asubuhi lengalenga, jioni lengalenga, nikakuambia daktari amenikataza nyama? Daktari gani? Halafu mshahara wote. Halafu nikamwomba Madame avansi ya mshahara, nikasema paa linavuja. Paa letu halijawahi kuvuja tangu baba yako alipolipiga. Niliona aibu kulisingizia paa lake.

Wali. Nakuja.

Nimerudi. Haukuungua, umeshika chini kidogo, sehemu unayoipenda.

Sasa nifike kwenye kuganduka. We unajua siku hiyo ni nini kwetu, lakini acha niandike, ili nijisikie mwenyewe nikiisema. Mtu akifa, waliobaki wanakaa kwenye kilio hadi ndugu wakutane tena, misa isomwe, watu wale na kunywa pamoja, na mkubwa wa familia asimame aseme: basi, kilio kimetoka, rudini kwenye maisha. Kabla ya siku hiyo huolewi, huozeshi, hufanyi sherehe yoyote. Kilio cha baba yako kilikuwa kinangoja siku yake, na ndugu wote na majirani walichanga. Michango wakaileta kwangu. Baba Mukubwa alisema mbele ya watu wote, "Ikae kwa Consolata, kwa Consolata hakuna kitu kinapotea."

Na aliyeingoja siku hiyo kuliko wote ni Bibi yako, mama wa baba yako. Alikuwa amehamia kwetu tangu mazishi, kwenye kile chumba chako, we ukalala sebuleni bila kunung'unika. Hakuvaa kitambaa cha rangi. Hakuimba hata kanisani. Kila Jumapili tukitoka misa alikuwa ananiuliza, "Ni lini, mukaza mwana?" Nami nasema, karibu, Mama, karibu.

Nilichukua michango ile kidogo kwanza. Ya kukopa tu. Nilikuwa nataka nirudishe ya Madame, halafu nirudishe ya michango, halafu niache. Ukisikia mtu anasema "halafu niache," mwanangu, hata kama ni we mwenyewe unajisemea kwenye chumba chako huko Mwanza, simama, toka nje, katafute mtu wa kukaa naye.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Madame amelala, maharage yako motoni. Nikapata wafalme watatu. Hiyo ni karata ya kumshukuru Mungu, hupati kila siku. Mtu mmoja, sijui wa nchi gani, akasukuma vyake vyote katikati. Patron wangu na wenzake walikuwa wanaita tapi. Ananiuliza: unafuata au unakimbia? Nami nikafanya nilichozoea. Nikamtazama. Lakini pale hakuna mtu, Arnaud! Kuna kiduara, ndani yake picha ya paka. Paka wa rangi ya chungwa, amefumba jicho moja. Kwenye baraza la Kinindo ningeona anavyoshika glasi, ningesikia anavyopumua. Nilimtazama yule paka hadi macho yakaniuma, nikajiambia huyu ananitisha, namwona, huyu hana kitu. Nikaweka kilio chote cha baba yako mezani.

Alikuwa nazo. Maharage yakaungua, Madame akaamka kwa harufu, na mi nimekaa kwenye kigoda siwezi hata kuzima moto.

Unakumbuka miezi ile esansi ya magari ilikuwa imekosekana kabisa mjini. Foleni za magari kuanzia kituo cha mafuta hadi mtaa wa tatu, watu wanatembea kwa miguu kwenda kazini. Harusi zinaahirishwa, misa zinaahirishwa. Baba Mukubwa aliponiuliza siku ya kuganduka, nikamwambia, "Shemeji, ndugu zetu wa Bururi watashuka na nini? Esansi iko wapi?" Akatikisa kichwa, akasema kweli. Hakuuliza la pili. Kila mtu Bujumbura alikuwa na shida hiyohiyo, kwa hiyo uongo wangu ulikaa katikati ya ukweli wa watu wengine, hakuna aliyeuona. Nilishangaa ulivyokuwa mwepesi. Nilikuwa nausema huku nakoroga uji.

Mtu mmoja tu aliuchukua kwa uzito. Wewe.

Ulimsikia Bibi akilia chumbani.  Ulichukua lile bidoni la njano, dumu letu la maji, ukaomba baiskeli ya jirani, ukaenda ukakaa kwenye foleni. Siku mbili. Nilikuletea chapati, nikakukuta umekalia bidoni unasoma daftari lako, ngozi ya pua imebanduka kwa jua. Nikakuambia, "Rudi nyumbani, mutoto wangu, utaugua." Ukasema, "Mama, gari ya Baba Mukubwa ikipata hii, inaenda Bururi na kurudi. Bibi atafurahi." Nilikuwa na nafasi pale. Tulikuwa wawili tu kwenye kivuli cha ukuta. Nilikupa chapati, nikaondoka.

Siku ya pili mchana ukaingia uani, unasukuma baiskeli, bidoni limejaa, umelifunga kwa kamba za mpira. Ukapiga kelele hadi jirani wakatoka: "Mama! Nimepata! Nimepata!" Bibi alitoka chumbani akakupigia vigelegele. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikipanda tangu mazishi. Ukaliweka bidoni kwenye stoo ya nyuma, ukafunga kufuli, ukatundika ufunguo kwenye msumari wa jikoni.

Sasa nisikilize vizuri.

Kesho yake asubuhi we ulienda shule na Bibi akaenda kwenye maombi. Nilichukua ufunguo kwenye msumari. Nikafungua stoo. Nikaliuza bidoni lako kwa mtu wa magendo, na unajua bei waliyokuwa wanalipa siku zile, nikapeleka pesa kwa Mama Diella. Nilijiambia nashinda mara moja tu, narudisha michango, watu wanashuka kutoka Bururi, kuganduka kunafanyika, hakuna atakayejua. Ziliisha kabla ya saa kumi. Nikarudi nyumbani mbio, nikaacha mlango wa stoo wazi, nikalitundika kufuli likiwa limefunguliwa, ili ionekane kama halikufungwa na mwizi akapita.

Uliporudi ukakuta hivyo. Ulisimama pale mlangoni, ukalishika kufuli. Ukasema, "Mama, ni mi. Labda sikufunga vizuri. Nilikuwa na furaha, labda sikufunga." Nami nikasema, "Labda."

Ulifunga, Arnaud. Ulifunga vizuri, ulivuta kufuli mara mbili, nilikuona kwa dirisha la jikoni. Mi ndiye niliyefungua. Ndiyo neno nililokuwa nalitafuta tangu mstari wa kwanza.

Miezi minne baadaye Bibi akafa, na kilio cha mwanawe hakijaondolewa. Kaburini nilikusikia ukimwambia Baba Mukubwa, "Ni mimi, kama lile bidoni lingekuwepo..." Nilikuwa nimesimama hatua mbili. Tangu hapo hufungi mlango bila kurudi kuujaribu mara tatu. Wenzako wanakuita zamu, mlinzi, na we unacheka nao. Mi sijawahi kucheka. Kila nikikusikia usiku ukiamka kwenda kushika kufuli, najua nani alikupa ugonjwa huo.

Utauliza kama kuna aliyejua. Bibi alijua. Nilimwambia mwenyewe, zikiwa zimebaki siku chache, alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani. Usifikiri alinishika mkono akanibariki. Aligeukia ukutani. Siku mbili hakula chakula kutoka mkononi mwangu, alikuwa anangoja we umlishe. Siku ya tatu akasema, "Kama ungekula na mutoto wako, ningeelewa. Lakini kumpa paka!" Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani, na nikacheka pia, tukalia wote wawili. Kisha akanishika kidole kwa nguvu, akasema, "Mi yangu imeisha. Lakini mutoto amebeba kitu yako. Umutue." Nikamwapia kuwa nitakutua. Miaka miwili sasa.

Baba Mukubwa nilimwambia baada ya mazishi. Alitoka nje, akakaa kwenye gari yake imezimwa hadi jua likazama, halafu akarudi akasema nirudishe hadi faranga ya mwisho na hatasema kwa mtu. Ndizo Jumapili zile nilizokuwa nafanya kazi kwa watu, nikakuambia napenda kujishughulisha. Kuganduka kwa baba yako mwaka jana kulilipwa na Jumapili hizo. Ulisoma somo na majina ya marehemu kanisani kwa sauti nzuri sana, na ulipofika kwenye jina la Bibi ukanitazama kama unaniomba msamaha. We, unaniomba mi.

Kwa nini sikusema siku ile? Niliogopa. Si aibu ya watu, hiyo nilishaizoea. Niliogopa utanitazama kama mtu mwingine tu. Nilipoteza mume, nilipoteza pesa za watu, nikaona siwezi kupoteza na jicho lako. Kwa hiyo nikakuacha ubebe, ili mi nibaki na mwana anayeniheshimu. Ni ubinafsi, sina jina zuri la kuupa.

Nina mengine mawili, madogo.

La kwanza ni simu. Umeniahidi kuwa mshahara wako wa kwanza utaninunulia simu kubwa ya kioo, ili tuonane uso kwa uso ukiwa Mwanza, na unanicheka kila siku kwa hii yangu ya vitufe. Usininunulie. Tableti niliiuza, Mama Diella nikipita pale tunasalimiana tu, lakini zile saa za mchana bado zipo, na bila we nyumbani zitakuwa ndefu. Najijua. Nataka sana kuuona uso wako, Mungu anajua, lakini simu hiyo itakuwa na mlango ule ndani yake. Nipigie nisikie sauti. Uso nitaungoja hadi ukirudi.

La pili. Huko utakosea. Sisemi karata, sijui utakosea wapi, labda kwa msichana, labda kwa kazi, labda kwa rafiki. Usiku wa kwanza baada ya kosa, uongo utakuja wenyewe, umeshaiva, na watu wataukubali haraka kwa sababu wanakupenda. Nipigie kabla ya kuusema. Nitapiga kelele, unanijua, nitakuita majina yote, halafu tutakaa tutafute la kufanya. Mi nilikuwa na watu watano wa kuwapigia siku ile ya paka, na wa kwanza alikuwa we.

Watu wengi huificha barua kama hii kwenye sanduku, mtoto aikute akiwa amefika mbali. Niliwaza hivyo. Nilishaikunja hata, nikaisukuma chini ya mashati yako, nikaona ninakimbia tena, nikaitoa. Apana. Nitakupa mkononi ukitoka Kibenga, kabla ya chakula. Utaingia chumbani usome, mi nitakaa hapa mezani, sitaenda jikoni, sitaenda kwa jirani.

Nakujua, Arnaud. We una moyo wa baba yako. Utamaliza kusoma, utatoka na macho mekundu, utanishika bega useme, "Si kitu, Mama." Nakuomba usiseme hivyo. Ni kitu. Ukweli ulikuwa haki yako, nami niliung'ang'ania. Kasirika kwanza. Piga kelele kama mi ninavyopiga, vunja sahani ukitaka, niulize maswali yote hata yale ya kuniumiza, nami nitakujibu moja moja bila kulisingizia paa wala esansi. Basi lako linatoka saa kumi na moja alfajiri. Hadi saa hiyo mi ni wako, nimekaa, nakutazama.

Mama yako,
Consolata